Namba Kumi na Saba ni Mama Yupi?

Kibondo, Jumapili

Mume wangu Baba Neema,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Kifua chako kinaendeleaje? Na Neema ameacha kunyonya kidole, au bibi yake bado anamtetea? Mimi mwili mzima, ila roho imenichafuka, kwa hiyo vumilia uisome barua yote.

Unakumbuka nilivyoondoka Same kwa mbwembwe, eti nakwenda kwenye utafiti wa pamoja wa afya ya wajawazito: daktari, mama mmoja mtaalamu wa lishe, mtu wa maabara na mimi mkunga, na wanafunzi wa vyuo wajifunze kwetu namna ya kushirikiana. Baba Neema, wanachojifunza ni kununa. Daktari na mama wa lishe wanaongea kwa karatasi, na ofisi zao zinatazamana. Mtu wa maabara yuko Kasulu, damu tunampelekea kwa gari.

Sasa sikia. Daktari aliwapa akina mama namba kwa jinsi walivyoingia kliniki. Mama wa lishe akazipa nyumba zao namba nyingine, kuanzia barabarani. Vichupa vya damu tulivibandika namba za daktari, lakini yule wa Kasulu akazibandua zote akaweka zake, kwa kuwa hafanyi kazi kwa namba za watu wengine. Kisha ikaja karatasi yake: namba kumi na saba damu imeshuka mno, apelekwe hospitali upesi. Kumi na saba ya nani?

Tukaitwa kikaoni. Badala ya kumtafuta mama wa watu, wakabishana asubuhi nzima namba za nani ndizo halali. Nikasema twende nyumba kwa nyumba tuwatazame macho na viganja, maana aliyepungukiwa damu anaonekana. Daktari akanijibu mbele ya wanafunzi, "Sista, huu ni utafiti, si kliniki. Tutasubiri daftari la Kasulu, ndilo lenye namba zetu na zake."

Barabara ilikuwa tope tupu, daftari haliji. Nilivumilia siku mbili, na hizo siku mbili sitajisamehe. Siku ya tatu nikaondoka kwa baiskeli na mzee Ezekieli, mhudumu wa afya wa kijiji, kuelekea Murungu.

Waha, wenyeji wa huku, wanasalimiana kwa kirefu. Mwanamke anainama, anapiga makofi polepole, anakuuliza habari za nyumba nzima. Daktari alikuwa ametukataza salamu hizo, eti zinakula muda wa maswali. Safari hii nikaziacha ziende. Kwa Domitila, mama wa mimba ya miezi minane, alipoinama na kuanza kupiga makofi nikaviona viganja vyake. Vyeupe kama unga wa muhogo. Daktari, mama wa lishe na mimi, sote tulishafika kwake, kila mtu kwa siku yake, na hakuna aliyempa nafasi ya kutusalimu.

Tulimpakia kwenye baiskeli mpaka hospitali. Daktari, nimtendee haki, alipoona hali yake alilala akatoa damu yake mwenyewe. Domitila amepona. Mtoto alizaliwa amekufa.

Juzi tulisimama kando ya kitanda chake, na mtu wa maabara naye alikuwa amefika. Domitila akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kiha, mzee Ezekieli akatufasiria: "Mlikuja kwangu, mkanipima wote. Mkirudi kwenu hamzungumzi?"

Mama wa lishe alilia. Mimi nilishindwa hata kulia, kwa hasira na aibu.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya miguu nimempata wa kumletea. Msalimie shemeji anayetuangalizia ng'ombe, na mwalimu mkuu wako, ingawa bado hajanijibu barua yangu. Neema mbusu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini daktari amegonga mlango sasa hivi. Ameleta fomu ya taarifa, anataka nimwambie kifo cha mtoto kiingizwe kwenye namba ipi. Nimechukua kalamu nikaandika, "Mtoto wa Domitila, wa Murungu." Amesoma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama Domitila ndiye yule mama aliyewekewa damu yake.

Alikuwa hajui jina lake.

Mkeo,
Mama Neema