Baba, Mama Amefungua Klempu

Mwaka umezunguka, mpendwa wetu Jovitus Mutayoba, tangu utuache ghafla nyumbani Buswelu, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zako.

Watu walidhani viti vyako unavikunja kwa moto. Ulicheka, ukawaonyesha. Mbao unaichana vipande vyembamba kama rula, unavipaka gundi, unavipanga juu ya kalibu lililopinda, kisha unavibana kwa klempu, vile vibanio vya chuma, mpaka vikauke na kuwa kitu kimoja. Mwisho unakivisha vinia, ganda jembamba la mbao ya mninga, mteja anapapasa weee, kiungo hakioni.

Ujanani uliwahi kufungua klempu gundi ikiwa mbichi, upinde ukafyatuka ukakupasua paji la uso. Wateja uliwaambia kovu lile ni la kiboko wa ziwani, na rafiki yako Mzee Mashimba, muuza mbao wa Kirumba, akaapa kwamba alikuwepo. Tangu hapo, pamoja na upole wako wote, aliyegusa klempu zako ulimfokea.

Mama ulikuwa unamtengenezea kiti cha kubembea, maana magoti yanamsumbua. Upinde mmoja wa chini ulishaumaliza. Wa pili uliubana asubuhi ile ya mwisho, ukamwambia, "Prudencia, asiguse mtu mpaka nije nifungue mwenyewe." Jioni hatukuwa nawe tena.

Baada ya mazishi mwanao Renatus alitaka kukimalizia kiti.

"Mama, gundi ilishakauka."

"Mwenyewe hajaja," alijibu Mama, akaendelea kufuta vumbi kwenye klempu kwa ncha ya kanga. Ndivyo alivyofanya mwaka mzima, huku akikalia kigoda kinachomuumiza. Juzijuzi ndipo alipotuambia kilichokuwa kinamtesa: aliogopa kwamba klempu zikifunguliwa, utakuwa umemaliza kazi, na huna tena sababu ya kurudi karakana. Tulilia wote.

Jumamosi iliyopita, tulipotoka misani, alisema, "Rena, lete spana. Nafungua mimi."

Klempu zilikuwa na kutu, akazikazania moja baada ya nyingine. Mzee Mashimba alirudi nyuma, akaziba paji la uso kwa mikono miwili. Tulicheka mpaka Mama akakaa chini. Upinde haukufyatuka, Baba. Ulitoka umetulia, umelingana kabisa na mwenzake.

Renatus ameuvisha vinia kama ulivyomfundisha, akakiunganisha kiti. Jana Mama alikikalia kiti chake, akabembea taratibu, akagusa mkono wa kiti pale ulipopinda.

"Baba Rena," alisema, "kazi yako nimeipokea. Sasa pumzika."

Unakumbukwa na mkeo Prudencia, wanao Renatus na Immaculata, wakwe zako, wajukuu wanaogombania zamu ya kubembea, ndugu wote wa Bukoba na Mwanza, na Mzee Mashimba, ambaye bado anaapa kwamba alimwona kiboko.

Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.