Kitanda cha Mamu

Likasi, Shituru

Mamu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, pamoja na wajukuu wako wanaonisukuma hapa, kila mmoja akitaka atajwe wa kwanza. Magoti yako yanaendeleaje huko Kolwezi? Wifi yangu Colette na wanawe hawajambo? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu.

Mamu, tumekubaliwa nyumba! Ni moja ya zile mpya za serikali ya komini, kwenye barabara ya Kamatanda, zinazopangishwa kwa bei nafuu kwa sisi wenye kipato kidogo. Ina vyumba viwili, bati lisilovuja na bomba uani. Makaa ninayouza hayatalowa tena.

Masharti yao: usiwe na nyumba yako, kipato kiwe kidogo, na mnaoishi pamoja msipungue wanne. Kwa yale mawili ya kwanza, nani angenishinda? La tatu ndilo lililonitoa jasho, maana tangu uondoke tuko watatu tu: mimi, Orpha na Osée. Jirani yetu Mado alinishauri niazime watoto kama alivyofanya yeye. Basi Papa Symphorien wa kamati ya nyumba akafika kwake kukagua, akawauliza wale wa kuazima wanalala wapi. Nao kwa adabu zote wakamwonyesha nyumba ya mama yao ng'ambo ya barabara. Nilicheka mpaka nikakumbuka kwamba zamu yangu inafuata.

Kwetu alimuuliza Orpha swali hilohilo, akaambiwa sote tunalala kwenye mkeka. Papa Symphorien akakitazama kitanda kilichotandikwa vizuri, akataka kujua kwa nini basi tunajitesa. Mjukuu wako akamjibu, "Ile kitanda ni ya Kaku. Atarudia tu."

Ikabidi nieleze Kaku ni nani. Nikamsimulia jinsi ndugu za marehemu Albert walivyokuja baada ya matanga kuniondolea vyombo, na wewe, mama mzazi wa mume wangu, ukaketi juu ya kitanda hicho ukawaambia, "Mukitaka kubeba ile kitanda, mubebe na miye juu yake." Wakaondoka mikono mitupu. Mamu, sijakushukuru inavyostahili. Hata siku ile ulipoaga ukisema wewe ni tumbo la ziada, nilijua unatuachia sisi unga, nikakuacha uende. Asante, Mamu. Asante sana.

Papa Symphorien alivua kofia. Akasema mzee naye huhesabiwa, ila awe anaishi nasi kweli, akauliza kama utarudi.

Sasa ngoja nikiri: nilisema ndiyo, bila kukuuliza. Ufunguo utatolewa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, sote wanne tukiwepo mbele ya Papa Symphorien. Usidhani nakuita kwa ajili ya nyumba. Ukipenda kubaki kwa Colette, niambie tu, nitakwenda mwenyewe kuieleza kamati, nyumba apewe mwingine, wala sitanuna. Lakini kitandani pako hatutalala.

Wasalimie wote wa huko, na Mungu akulindie hayo magoti. Osée anauliza atandike shuka la bluu au lile la maua. Nimemwambia asubiri, utachagua mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Adrienne