Wimbo wa Tak Una Mwisho

Merrylands, Sydney
8 Agosti 2021

Vénérand, wimbo haukuishia pale! Una mbele! Dakika nne nzima za mbele!

Haya, sasa nikusalimu kama mtu aliyelelewa. Bwana asifiwe, kaka yangu. Mgongo wako unaendeleaje? Hapo kambini maji yanatoka? Sisi hatujambo. Sydney imefungwa kwa korona, na huku kwetu magharibi wamefunga na kufuli juu. Mimi natoka tu kwenda kazini kwa wazee ninaowatunza, nikirudi tunakaa ndani, mimi na Keza.

Sasa sikia. Yule Keza uliyemwacha mgongoni kwangu ana miaka kumi na sita na anapiga gitaa la umeme. Sisemi kwa sababu ni wangu. Nasema kwa sababu ni kweli: Merrylands yote hakuna kama yeye. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba gitaa lake linatisha watoto. Nikamwambia mchungaji, ni watoto wa wengine ndio waoga.

Ijumaa alikuwa kwenye roshani, akapiga ule Wimbo wa Tak nilivyomfundisha kwa mdomo, kutoka kwenye kaseti uliyopewa na dereva wa lori kule Mtabila, kambi yetu ya zamani. Gitaa likapanda, likapanda, akafika palepale, akasema "tak!" akanyamaza. Safi kabisa.

Mzee Trevor, mzungu wa roshani ya juu yetu, yule wa kaptula hata baridi ikiwa kali, akapaza sauti: "Malizia basi!"

"Umekwisha," Keza akamwambia.

"Umekwisha wapi, binti? Ndiyo kwanza unaanza!"

Nikatoka na mwiko mkononi kumtetea mwanangu. Mzee, wimbo huu kambi nzima iliuimba, unaishia kwenye tak, utatufundisha nini? Akacheka mpaka akakohoa, na jengo zima likafunga madirisha.

Kaka, Mzee amenieleza: ile tak ni redio! Kaseti ilikwisha, kitufe kikaruka. Aliyerekodi utepe ulimwishia katikati, na sisi miaka yote tunaimba na tak yake, tukidhani ndivyo walivyotunga!

Mzee ana santuri yenyewe. Kundi linaitwa Copper Lantern, Waingereza wenye nywele mpaka kiunoni. Alitaka kuicheza hapohapo. Nikamwambia subiri, kwanza nimwandikie kaka yangu.

Mdogo wako,
Emerance, mama wa mpiga gitaa


Nyarugusu
20 Agosti 2021

Mdogo wangu Emerance,

Amani kwako na kwa huyo anayetisha watoto. Mgongo ni uleule. Maji yanatoka yakipenda.

Nimesoma barua yako kwenye kibanda cha Masumbuko, simu ikiwa bado kwenye chaji, nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza kama nimeoa. Nilipomweleza, naye alikaa chini. "Ina maana mimi kwenye harusi yangu nilicheza nusu?"

Unakumbuka ubishi wetu, kwamba wimbo ungekuwa na mbele ungefungwa na nini? Wewe ulisema ni gitaa tu, gitaa ndilo linalofunga. Mimi nilisema ngoma zinarudi. Mtu hawezi kupiga ngoma vile mwanzoni halafu aziache njiani kama viatu vibovu. Muulize Mzee wako: yule mpiga ngoma alifundishwa na nani? Ule si mkono wa Uingereza.

Ila sikiliza tu wewe, usiningoje. Nimejiandikisha kwenye msafara wa kurudi Burundi. Najua ukirudi viza ya kuja huko kwenu inakufa. Lakini viza gani, Emerance? Tiketi ya Aprili mwaka jana ilifutwa, vipimo vya hospitali vimeisha muda, mipaka yenu imefungwa. Tangu nimzike mama sina ninayemlinda hapa. Nimechoka kukalia begi lililofungwa.

Kaka yako,
Vénérand


Merrylands
22 Agosti 2021

Kaka,

Bwana asifiwe, na salamu nyingine nitakupa ukija. Sisikilizi! Umenisikia? Sisikilizi huo mwisho mpaka ukae kwenye kochi langu, kochi zuri, la watu watano.

Keza amekwisha kuusikia, sikuweza kumzuia. Alirudi kutoka mlangoni kwa Mzee macho yamelowa. "Mum, it's so good." Mzuri mno, eti. Nikaziba masikio, nikaanza kuimba tenzi.

Mzee nimemuuliza. Anasema hao Waingereza walijifunza kutoka kwa weusi wa Amerika, wapiga gitaa maskini ambao hakuna aliyewapa hata asante. Na ngoma, mpigaji alizipenda za kwetu Afrika, akawa anazisikiliza kwenye santuri. Kwa hiyo hapo umeshinda, usijivune. Tena anasema wapenzi wa Copper Lantern wenyewe hawaujali wimbo huu. Ni wa mwisho upande wa pili, wanainua sindano kabla haujafika. Nikamwambia, Mzee, kwetu ulikuwa wimbo wa taifa. Akasema kama angejua angekuja kuishi Mtabila.

Kaka, nani alibeba ile redio kichwani na mimi mgongoni tulipokimbia? Nani aliuza viatu vyake tupate betri? Jina langu lilipotoka la kuja huku, nani alisema "nenda na mtoto, mama nitabaki naye mimi"? Ukaacha nafasi yako, ukamuuguza, ukamzika peke yako. Vidole vya Keza ni vidole vyako. Kila anapopiga nasema asante, na wewe haupo kuisikia.

Usipande basi lile la msafara. Nakuomba.

Mdogo wako,
Emerance


Merrylands
26 Septemba 2021

Kaka Vénérand,

Hujambo? Uko wapi? Napiga, simu yako haiko. Kwenye kundi letu la watu wa Mtabila wamesema msafara umeondoka. Nimemuuliza Gad wa Bankstown, anayejua habari za kila mtu hata zisizomhusu. Hajui.

Mzee Trevor kila akiniona aliniuliza: nikuchezee sasa? Nimesema hapana. Nimesema kaka yangu ananijibu wiki hii. Nimesema hivyo mara nyingi mpaka ameacha kuuliza, ananiletea tu malimau ya mti wake wa kwenye ndoo.

Kama umefika Burundi sikulaumu. Niambie tu unakula.

Emerance


Nyarugusu
24 Oktoba 2021

Mdogo wangu,

Nakula. Niko hapahapa. Nisamehe, simu niliiuza nikijua nasafiri. Hii ni ya Masumbuko, barua zako nimezisomea humu, naye anasoma begani kwangu, anakusalimu.

Asubuhi ya msafara nilipanda basi. Begi langu lilikuwa juu, mimi kwenye dirisha. Vijana nyuma wakaanza kuimba kujipa moyo, na unajua waliimba nini. Hata hawakuwa wamezaliwa enzi za kaseti ile, wameupata kwa mama zao. Basi zima likaimba, wanawake wakagonga madumu, gitaa likapanda kwa midomo, wakafika pale, wote pamoja: tak! Kimya.

Emerance, kile kimya sikukiweza. Zamani kilikuwa kitamu. Nikasimama nikasema, "Jamani, wimbo una mbele." Wakacheka. Mama mmoja akaniambia, "Basi tuimbie hiyo mbele, mzee." Sikuijua. Nikamwambia dereva anishushie begi.

Nikaenda ofisini nikaomba vipimo upya. Nimechanja pia, mkono uliniuma siku mbili. Sasa nangoja tena, lakini safari hii najua ninachongoja. Asante kwa kuziba masikio.

Ngoma zinarudi. Utaona.

Kaka yako,
Vénérand


Merrylands
30 Januari 2022

TIKETI IMETOKA, kaka! Nimeiona kwa macho yangu, Keza amenisomea mara tatu na kila mara nimepiga vigelegele, jirani wa chini akapanda kuuliza nani ameolewa!

Bwana asifiwe, asifiwe tena. Mgongo usibebe kitu kizito, njoo na nguo moja, hapa nguo zipo. Hapa korona mpya imepita kila nyumba, nasi imetupitia, tumepona. Namshukuru Mungu, naishukuru serikali iliyofungua mipaka, namshukuru Mzee Trevor na malimau yake, nalishukuru hata lile basi.

Nimepanga hivi. Utashuka Alhamisi, Ijumaa ulale. Siku ya pili yake naita watu. Gad na wa Bankstown, Mélanie na wanawe wa Cabramatta, wote waliowahi kusema tak. Mchungaji naye nimemwalika, aje na watoto wake waoga. Napika maharage na ndizi, na sambusa kwa ajili ya Mzee. Keza atapiga na wenzake mpaka palepale, tutasema tak kwa mara ya mwisho, halafu Mzee atashusha sindano.

Ngoma zikirudi, naosha vyombo vyote mimi. Gitaa likifunga, unaosha wewe, hata kama una uchovu wa ndege. Keza anajua nani ameshinda na hasemi, anatuangalia tu na kucheka. Ana roho yako mbaya.

Nimekaa miezi sita chini ya nyumba yenye huo wimbo na sijausikia. Niambie kama kuna dada mwingine duniani.

Mdogo wako,
Emerance

Nimesahau kilicho muhimu, nimewaandikia wengine wote wewe nikakuacha: ni Jumamosi, tarehe 19 Februari, saa nane mchana.