Bande ya Ku Muguu ya Farasi

Mado, Glodie,

Naenda Shituru kutafuta veterineri. Simu yake inalia tu, hakuna mwenye kujibu.

Farasi Bijou asitoke inje, kuko matope. Saa sita mutie muguu yake mu ndoo ya mayi ya moto kidogo na chumvi, dakika makumi mbili. Mupanguse muzuri, kisha mufunge couche, ile nepi ya mutoto, juu yake bande. ~~Glodie asimuguse.~~ Glodie, umufunge weye, amekuzoea.

Leo asubui nilikuta bande ku kamba ya nguo, imefuliwa, na kile kitundu ku kwato, pale veterineri alipasua jipu, kimejaa matope. Anachechemea tena. Glodie ananiambia: "Papa, jana bantu ba maombi balimuombea. Kumuachia bande ni kukosa imani." Na minye jana nilisema Amina pamoja nabo.

Kuomba sikatazi. Lakini bande ibakie.

Nilipoinama kuangalia kilonda, farasi akanipa muguu yeye mwenyewe. Nikaushika tu. Sikuwa na kitu kingine ya kumupa.

Papa