Jezi Zilizofika Kabla ya Kura

Nyumba Na. 418, Barabara ya Kanisa,
Harlow Springs,
Nebraska.
24 Novemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Rudy,

Hujambo huko Alaska? Baridi imekuachia vidole vyote? Nauliza kwa utani, lakini jibu nalitaka. Na ile miguu iliyokuwa ikikuvimba, je, ulikwenda kwa daktari au bado unajitibu kwa ubishi?

Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Goti langu la kulia linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Mjukuu wangu Josie yuko mwaka wa tatu wa uuguzi hapa chuoni na bado anakimbia mbio za nyika. Amekonda kama ufito, ila mezani anakula kama fundi wa kuezeka paa. Mahindi yamevunwa yote kabla ya mvua, tunashukuru.

Sasa nikupe habari ya chuo, maana najua utaisikia kwa wengine imepotoshwa. Wewe ulikichezea ulipokuwa bado una nywele, kwa hiyo una haki ya kujua.

Mwishoni mwa Agosti alikuja mtu uwanjani na futi ya kupimia. Akapima majukwaa, akahesabu viti, mpaka akaingia kwenye chumba changu cha kufulia nguo za timu na kuuliza nina mashine ngapi. Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema ni fundi bomba. Rudy, fundi bomba gani anavaa viatu vya ngozi vinavyong'aa vile, tena hata bomba moja hakuligusa? Moyoni nikasema hapa pana jambo.

Haikupita muda tetesi zikaanza. Kwamba rais wetu wa chuo, Daktari Preston Whitcomb, anataka tutoke katika ligi yetu ya vyuo jirani, daraja la tatu, twende ligi nyingine ya daraja la pili. Mwenyewe alikana. Kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba ni mazungumzo tu, na kwamba bodi ya wadhamini ndiyo itakayopiga kura Novemba.

Basi siku moja ya Oktoba likaletwa kwangu boksi la sampuli za jezi mpya. Nikalifungua, maana ndiyo kazi yangu. Kila jezi ilikuwa na nembo begani nisiyoijua. Nikavaa miwani. Nembo ya ligi mpya! Kura bado mwezi mzima, na jezi zimeshashonwa.

Lakini si hilo lililonikosesha raha. Nilizitandaza mezani, jezi moja kwa kila timu. Nimefua nguo za chuo hiki miaka ishirini na sita, timu zetu nazijua kwa harufu. Ni kumi na mbili. Boksini mlikuwa na jezi kumi. Ya wakimbiaji haikuwamo, wala ya waogeleaji. Nililigeuza boksi juu chini nikalitikisa. Zikadondoka karatasi laini tu.

Nikamwita kocha wa mbio, Nils Brandvold, yule mrefu asiyecheka. Akaishika jezi moja, uso ukampauka.

"Bi Verlene, zirudishe. Lifunge boksi kama ulivyolikuta, na usimwambie mtu."

"Hata Josie?"

"Josie hasa."

Akaenda zake. Timu yake inafutwa, naye ananiambia ninyamaze! Tangu siku hiyo nikaanza kumchunga. Nilimwona nyuma ya basi akinong'ona kwenye simu, aliponiona, akakata. Nilimwona akitoka ofisini kwa Whitcomb. Halafu Jumanne moja napita mgahawani kwa Darla, namwona dirishani anakunywa kahawa na nani? Na fundi bomba wangu wa viatu vya kung'aa. Wanacheka! Kocha Brandvold, ambaye hata kwenye harusi yake hakuonyesha jino.

Nikajua ameahidiwa cheo. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na mimi ndiye mfua nguo. Nikaacha kumsalimu. Josie akaniuliza, "Bibi, mbona kocha ukimwona unageuza shingo?" Nikamwambia jino linaniuma. Ningemwambia nini? Mtoto huyu alichagua chuo hiki kidogo kwa sababu hapa anaweza kukimbia na Ijumaa akawa wodini kwa mafunzo yake. Timu ikifutwa, najua atahama, na mwaka wa tatu si mwaka wa kuhama.

Tarehe kumi na mbili mwezi huu, alasiri, Whitcomb akaita mkutano kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Mji mzima ulikuja. Akasema hatuwezi kubaki wadogo milele, tukipanda tutaweza kuwapa wachezaji ufadhili, na jina la Harlow Springs litasikika. Watu wakapiga makofi.

Mzee Emil Hruska, yule mwenye ng'ombe kule barabara ya kaskazini, akanyanyuka na kofia mkononi. "Daktari, mwaka jana timu ya mpira imeshinda mechi mbili. Siku hizi watu wanapanda daraja kwa kufungwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Whitcomb naye akacheka, lakini kwa midomo tu. Akasema daraja huku halipandwi kwa mabao, linapandwa kwa maombi na maandalizi.

"Na huyo mpinzani wa karibu kwenye hiyo ligi yako, ni mwendo gani kwa basi?"

"Mwendo wa saa sita, mzee."

"Na wa mbali?"

"Kumi na moja. Lakini hakuna timu hata moja itakayofutwa, hilo nawaahidi."

Hapo, Rudy, miguu yangu ilisimama bila kuniuliza. Nikasema, "Jezi ya wakimbiaji iko wapi?" Akajifanya hajaelewa. Nikamweleza mbele ya watu wote: boksi, nembo, jezi kumi kwa timu kumi na mbili. Whitcomb akasema ni sampuli tu, nyingine ziko njiani. Nami kwa hasira nikanyoosha kidole. "Kama naongopa muulizeni Brandvold! Alijua tangu Oktoba akaniziba mdomo. Muulizeni amepewa nini!"

Josie alikuwa amekaa na wenzake. Akaziba uso kwa mikono.

Brandvold akasimama taratibu. Akasema ni kweli alijua. Alinitaka ninyamaze kwa sababu mimi ndiye niliyefungua boksi, na mtu wa kwanza kufukuzwa angekuwa mimi. Yule wa viatu ni mshauri aliyeletwa na rais kuandaa maombi ya kuingia ligi mpya. Kocha alimnunulia kahawa mara tatu na kumchekea mpaka akamtoa siri zote. Na zile simu za nyuma ya basi alikuwa akiwapigia makocha wa vyuo jirani mmoja mmoja. Ligi yetu ilikuwa imeshasikia tunaondoka, ikawa inatafuta chuo cha kushika nafasi yetu. Yeye alikuwa akiwaomba wangoje hadi kura ipigwe. "Wamekubali kungoja mpaka Ijumaa," alisema. "Zaidi ya hapo, hata mlango wa kurudia hatuna."

Akakaa. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo wadhamini walipiga kura. Kumi na mmoja walisema tubaki, wanane walisema twende. Tumebaki daraja la tatu, na timu zetu zote kumi na mbili.

Jumamosi yake nikaoka kolache, vile vimkate vitamu vyenye plamu ndani, kama za mama, nikaenda nyumbani kwa Brandvold kuomba radhi. Akanisikiliza mlangoni huku akila, akamaliza kolache mbili. Kisha akasema, "Bi Verlene, nami nilikushuku. Kila nikigeuka uko nyuma yangu. Nilidhani Whitcomb amekutuma." Mwezi mzima tumewindana kwenye korido moja, wote wawili tuko upande mmoja! Akacheka, Rudy. Meno anayo, tena mazuri.

Usidhani nimelainika. Whitcomb bado yuko ofisini na ananisalimia kwa bashasha ambayo hakuwa nayo zamani. Mtu aliyeshindwa kura hatabasamu hivyo. Macho yangu yako kwake.

Lakini lipo jambo moja nimechoka kulichunga kutoka mbali. Miaka mitatu sasa tangu tumzike baba na wewe hukuja. Nimejitungia sababu zako nyingi, kila moja mbaya kuliko mwenzake, na nyingine nimewaambia watu kana kwamba nina hakika. Safari hii sibuni. Nakuuliza, mdogo wangu: kwa nini hukuja? Niandikie hata kama jibu litaniumiza. Na kama ni mimi niliyekosa, sema hivyo hivyo.

Josie anakusalimu sana. Shangazi Ludmila anasema usikatae soksi alizokufumia, ziko posta. Darla wa mgahawani anauliza kama umeoa. Nimemwambia sijui, nitauliza. Nisalimie na mwenzako Carl wa huko kambini.

Mungu akulinde juu ya barafu hiyo, na barua yako anifikishie mapema.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikushuku,

Verlene