Kona ya Juu ya Ubao

Mpendwa baba,

Leo nimetoka darasani nikicheka peke yangu, na mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia ni wewe. Tangu tulipokuzika hapo Chanika bado sijazoea kukukosa kibarazani, basi nakuandikia.

Unaikumbuka kona ya juu ya ubao wako? Nyumbani nilikuwa mwanao, shuleni mwanafunzi wako, nikilazimika kukuita mwalimu kama wenzangu. Kila ahadi uliyotupa uliiandika pale kwa chaki: "Jumatatu narudisha madaftari." Ukishaitimiza, ulimpa mmoja wetu dasta aifute. Jumatatu moja mvua ilinyesha mpaka njia ikawa tope tupu. Mama akakuambia, "Baba Neema, watoto wenyewe hawatakuja leo."

"Wakija je?"

Ukavua viatu, ukakunja suruali, madaftari ukayafunga kwenye mfuko wa nailoni. Mimi nyuma yako nikinung'unika njia nzima. Tuliwakuta wachache wakitetemeka kwa baridi, na mmoja wao ameshashika dasta.

Wakati ule nilidhani ni mbwembwe zako tu. Nimekuja kukuelewa hapa Goba, nilipopewa kufundisha hesabu Kidato cha Pili. Walimu walikuwa wakija na kuondoka, watoto wamechoka kuzoea sura mpya. Siku ya kwanza niliwahubiria juhudi hadi koo likakauka. Zuhura, binti wa dawati la nyuma, akauliza bila ubaya wowote, "Madam, na wewe si utasepa tu?"

Darasa likaangua kicheko. Iliniuma, baba, kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza.

Sikuhubiri tena. Nikaandika konani, "Kesho narudisha majaribio," nikayarudisha, nikampa Zuhura dasta. Swali likinishinda naandika, "Alhamisi naleta jibu," na Alhamisi nalileta. Wenzangu ofisini wananitania kwamba najitafutia kesi. Waache. Siku hizi nikitoa zoezi linafanywa, hata na wale wanaoapa kwamba hesabu hazipandi.

Wiki iliyopita nikakuta pale konani mwandiko usio wangu: "Jumatano nakuja ubaoni. Zuhura." Mtoto huyu hajawahi hata kunyoosha kidole! Leo amekuja, shingo imekakamaa, akaanza vizuri, akakwama katikati. Mkono wangu uliwasha kuichukua ile chaki, nikauweka mfukoni.

Akaitazama hesabu, kisha akanigeukia. "Madam, kesho utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Akafuta "Jumatano", akaandika "Kesho", akarudi kukaa kwa maringo kama aliyepata zote.

Nimekukumbuka mno, baba, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nimekukumbuka kwa furaha. Nakuaga hapa, nikalale mapema. Nje manyunyu yameanza, na viatu vyangu nimeshaviweka kwenye mfuko wa nailoni.

Binti yako, na bado mwanafunzi wako,
Neema