Mama Kulwa, Pipa Halikupasuka

Mke wangu Mama Kulwa,

Huku Kagongwa tumebaki wazima, na mimi nimeshinda. Naanza na hilo kwa sababu ulizoea kunikatiza nikichelewa kufika kwenye jambo. Mkono wangu ni mzito kwenye kalamu, mimi nilisomea sururu, lakini nimekataa kuandikiwa. Mwandishi angeninyang'anya sifa.

Unalikumbuka lile pipa la chuma la bia, nililotoka nalo Bugarama nimelifunga nyuma ya baiskeli. Wewe pombe yako ya mtama uliipika kwenye mitungi, umefunika ungo tu. Mimi nikasema ya kwangu itachachukia ndani ya pipa, imefungwa, gesi isipotee, mtu akinywa imchome puani kama bia ya chupa. Nikakaza kizibo kwa spana. Tulikuwa tunakula michembe ya viazi na karanga tuliposikia mlio. Kizibo kilitoboa bati, na kanga yako mpya pale ukutani ikageuka rangi ya uji. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Baba Kulwa," ukasema, "pombe ni kama mtoto mchanga. Ikitaka kujamba, iache."

Jua halijazama, Kagongwa nzima inalijua neno hilo. Lakini sikukosea, mama. Nilikuwa sijamaliza.

Ukaondoka kabla sijamaliza. Ukoo ulipokaa kupanga siku ya kukukumbuka, dada yako Nyanzobe akasimama. "Shemeji, pombe ya dada yangu itatoka kwenye mitungi. Hilo bomu lako wapelekee wachimbaji wapasulie mwamba."

Wakacheka wote. Nikamwambia, "Likipasuka, lichukue ukauze chuma chakavu, na mimi sipiki tena maisha yangu. Lisipopasuka, utakunywa kata nzima mbele ya watu."

"Haya," akasema. "Nitaanza kutafuta mnunuzi."

Sasa sikia akili ya mumeo. Lile duara, shimo nililochimba nyuma ya nyumba nikitafuta dhahabu, nikaambulia maji, wewe ukaliita kisima cha mjinga. Asubuhi moja nililichungulia nikakumbuka kazi yangu ya kompresa kule mgodini Bulyanhulu. Ukisukuma upepo kwa bomba la mpira kwenye shimo lenye maji, kadiri mpira unavyozama ndivyo upepo unavyopata taabu kutoka. Nikajaza pombe kwenye pipa, nikafunga mpira kwenye mdomo wake, nikaweka kivalvu cha pampu ili gesi itoke maji yasirudi, nikafunga jiwe mwishoni, nikautumbukiza. Gesi ikiwa kidogo, maji yanaizuia, inabaki ndani ya pombe. Ikizidi, inayashinda maji, inatoka kwa mapovu. Ukishusha mpira, pipa linabana. Ukiuvuta juu, linalegea. Nilishusha na kuvuta mpaka nikapata pale panapofaa, nikafunga kitambaa kuwa alama. Ni kipande cha ile kanga yako.

Duara likanguruma kama lina kiboko ndani. Nyanzobe alikuja kulisikiliza kila siku, amejificha nyuma ya ukuta wa choo, akidhani simwoni.

Siku yako ilipofika nikafungua bomba la pipa mbele ya ukoo. Pombe ikashuka na povu jeupe. Nikaonja, maana mpishi ndiye huonja kwanza, nikampa Nyanzobe kata yake. Akanywa. Akapiga chafya. Akafuta pua kwa kanga, akanyoosha kata.

"Inauma kama nyuki, shemeji. Ongeza."

Ile mitungi yake ililala imejaa.

Wapo wanaosema wewe ndiye uliyekuwa sahihi, kwamba pombe lazima ipumue. Inapumua, ndiyo. Lakini inapumua nikiiruhusu mimi, ndani ya kisima changu cha mjinga. Nimewashinda wote, Mama Kulwa, na wewe niliyetaka kukushinda kuliko wote hukuwepo uninunie.

Kata iliyofuata nilikumwagia kaburini. Povu likasimama juu ya udongo, likakataa kushuka. Nikaliangalia mpaka miguu ikafa ganzi. Nimelipokea kuwa ndilo jibu lako, umekubali, na sitaki dada yako abishe.

Pumzika. Pipa nalichunga.

Mumeo,
Baba Kulwa